Nani Amejifunza Hapa?

Wanne hawa nimewabuni. Kazi zao sikuzibuni, wala mambo wanayoyataja, na aliyekaa Kisumu kwa muda atasema amewahi kukutana nao. MTANDAO ni kijana wa Manyatta, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Maseno, anayewaandikia wateja wa ng'ambo ambao hajawahi kuwaona. RIPOTA ni mwanahabari wa kujitegemea, dada anayelipwa kwa stori iliyochapishwa na asiyelipwa kwa ile iliyotupwa. MHARIRI ni mzee mstaafu, jaduong' kwa Dholuo, kalamu nyekundu bado imo mfukoni. MAMA huuza omena na mbuta ufuoni Dunga. Nimewakutanisha Dunga kwa sababu Mama hakuwa tayari kuacha biashara jioni nzima apande boda boda kwenda mjini kusikiliza watu wakibishana.

Swali ni hili. Mtu anayeandika kwa malipo, leo chanjo, kesho bima ya magari ya Kanada, kesho kutwa ufugaji wa kuku, hujifunza kweli mambo hayo, au hupita juu juu tu akiokota maneno?

MTANDAO: Nianze mimi, maana najua mtanigeukia. Digrii yangu ni ya biashara. Lakini niulizeni jinsi kidonda cha mgonjwa wa kisukari kinavyouguzwa, nitawaeleza. Niulizeni kwa nini mito ya barafu ya Norwei inazidi kuwa mifupi, nitawaeleza. Hakuna mhadhiri aliyenifundisha hayo. Oda inaingia saa mbili usiku, makataa ni saa kumi na mbili asubuhi, na mteja ameambatisha makala za kitaalamu ambazo lazima zitajwe. Huwezi kuzitaja bila kuzisoma.

RIPOTA: Unaweza. Wengi wanazitaja bila kuzifungua.

MTANDAO: Hao hawadumu, dada. Mteja anairudisha, unarekebisha bure, alama za akaunti zinashuka, oda zinakwenda kwa mwingine. Mimi nikikosea, sili.

MHARIRI: Na ukishatuma, yanabaki kichwani?

MTANDAO: Mengine yanabaki, jaduong', mengine yanaenda. Hata ya chuoni yalienda.

RIPOTA: Tuiite kazi hiyo kwa jina lake basi. Unawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha ambazo wao watatia majina yao na kupewa alama. Australia iliipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria mwaka 2020. England ikafuata mwaka 2022.

MTANDAO: Sheria hizo zinamwinda anayeuza huduma. Mwanafunzi anayeinunua anaachiwa chuo chake, akigunduliwa. Na anayeandika yuko Manyatta, analipa kodi ya chumba na bando, hakuna anayemuuliza lolote.

MHARIRI: Yupo aliyeuliza. Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya, aliwatafuta waandishi kama wewe, na filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars ikamfuata akiwatafuta. Jambo moja linajitokeza wazi: watu wanaoonekana mle si wajinga waliokosa kazi nyingine. Ni wasomi hasa.

Niingilie kidogo. Kwamba biashara ile ni udanganyifu, mimi sina shaka, na nadhani Mtandao naye hana, vinginevyo asingefanya kazi kwa akaunti yenye jina la mtu mwingine. Lakini ukiacha hukumu hiyo kando kwa muda, hesabu inayobaki inachekesha na kuudhi pamoja. Insha ya kidonda cha kisukari ina watu wawili. Mmoja amekesha akiisoma na kuiandika. Mwingine ameilipia na kutia jina. Elimu imebaki Manyatta, cheti kimekwenda Leeds. Kidonda chenyewe kitafika kwa yupi? Si Manyatta.

RIPOTA: Ndiyo maana nasema kujifunza kwake kuna kasoro. Anajifunza kutoka kwenye karatasi tu. Mimi nikiandika, ninaketi na mtu. Mnakumbuka chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Homa Bay, Septemba 2019? Majaribio yake yalikuwa yamefanywa hapa hapa, Kombewa na Siaya, na kule Kilifi. Kila taarifa kwa vyombo vya habari ilisema kitu kilekile: kwa watoto waliopata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36. Nikamuuliza mtafiti mmoja wa kituo cha Kisian swali la kijinga. Basi hao watoto 64 wengine katika kila mia wanachanjwa za nini?

MAMA: Hata mimi ningeuliza hivyo.

RIPOTA: Akacheka, akavuta kiti. Akaniambia hesabu ile haigawi watoto waliopona na waliokosa. Mtoto wa huku anaweza kuugua malaria mara kadhaa kwa mwaka. Kinachohesabiwa ni mara za kuugua. Watoto waliochanjwa waliugua pia, ila vipindi vya homa vilikuwa vichache kuliko vya wenzao, na ukivijumlisha kwa miaka karibu minne, mahali penye malaria nyingi kama hapa, ni homa nyingi sana ambazo hazikutokea. Mama mwenye mtoto mmoja anaweza asiione tofauti. Kliniki inaiona. Sasa hilo, Mtandao, ungelipata wapi?

MTANDAO: Katika makala ya utafiti wenyewe, dada. Limeandikwa mle, kwenye sehemu ya matokeo. Watu hawafiki huko.

MHARIRI: Hapo amekunasa. Nami niongeze. Stori ngapi zimeandikwa na nyinyi mnaojitegemea kutoka kwenye warsha ya hoteli, mkapewa chai, karatasi na nauli, na stori ikatoka na maneno ya ile karatasi? Aliyekutana na watu hajawa mwanafunzi kwa kukutana nao tu.

RIPOTA: Jaduong', nalipwa kwa stori moja. Nikienda Mbita nauli ni yangu, na pesa ya stori inakuja baada ya miezi. Warsha ina nauli. Unataka nijifunze kwa mfuko wa nani?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike mjadala huu, na sikutarajia litoke kwa Ripota. Tumezoea kuulizana kama mwandishi wa kujitegemea anajifunza, kana kwamba jambo hilo ni la bidii na hamu yake. Kujifunza kuna gharama, na mwenye kuagiza kazi huilipia mara chache. Analipia maneno yaliyotoka. Yale uliyoyasoma ili yatoke ni shauri lako.

MHARIRI: Zamani walikuwepo waliolipiwa kwa njia nyingine. Chukua Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo. Alisomea uuguzi Uganda, kisha Uingereza, akaandikia BBC, akarudi kufanya kazi ya ukunga Hospitali ya Maseno. Riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, ilitoka mwaka 1966. Ukikuta mgonjwa, daktari na mganga katika kazi zake, ujue mwandishi amewahi kushika mgonjwa. Ujuzi ulitangulia, kalamu ikafuata. Nyinyi mmegeuza.

MTANDAO: Na Achieng Oneko je? Alisoma Maseno, akawa mhariri wa Ramogi, gazeti la Dholuo, akaandika siasa za nchi nzima kabla ya kukamatwa mwaka 1952 na wenzake walioshtakiwa Kapenguria. Alisomea siasa wapi?

MHARIRI: Alizisomea gazetini.

MTANDAO: Haya.

MHARIRI: Lakini wasomaji wa Ramogi walikuwa hapa. Akiandika uongo kuhusu soko, wenye soko wanakuja mlangoni. Wewe nani atakuja mlangoni kwako?

Mama amekuwa akigeuza omena kwenye wavu uliotandazwa juani, maana jua la jioni nalo ni jua. Nilipompa zamu, alianza na jambo ambalo halikuwemo kwenye swali langu.

MAMA: Nyinyi mnasema mtu anajifunza akiandika. Mimi nawaambia wanaokuja kuandika hapa wote wanauliza kitu kimoja. Jaboya. Mwanamke analala na mvuvi ndiyo apate samaki wa kuuza. Anakuja msichana wa chuo, jaboya. Anakuja mzungu na kamera, jaboya. Anakuja wa shirika na fomu, jaboya. Ipo, sikatai. Lakini mimi nimeuza samaki tangu sijaolewa. Najua bei ya mbuta inapandaje, najua nani anachukua mabondo ya tumboni mwa mbuta na yanapelekwa wapi, najua mwezi ukiwa mkubwa omena hakuna kwa sababu taa haivuti kitu. Hakuna anayeuliza hayo. Wakirudi kwao wanasema wameijua Dunga.

RIPOTA: Mimi nimewahi kukuuliza bei, Mama.

MAMA: Uliniuliza ukitaka kununua, nyathina.

MHARIRI: Mwanza waliyapata makubwa zaidi. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu ya Darwin's Nightmare kuhusu sangara, ambao sisi huwaita mbuta, na viwanda na ndege zinazobeba minofu kwenda Ulaya. Ilisifiwa dunia nzima. Mwaka 2006 Rais Kikwete wa Tanzania akaipinga hadharani. Wengine walisema imesema kweli, wengine walisema imeupaka mji matope. Lakini mtazamaji wa Paris alitoka sinemani akiamini amesoma somo zima la Ziwa Victoria.

MAMA: Na waliomwonyesha huyo wa filamu mifupa ya samaki walipata nini?

Hakuna aliyemjibu. Nami sina jibu, ila nadhani hapa ndipo Mama anapotuzidi wote. Sisi wenye kalamu, wale watatu pamoja nami wa nne, tulikuwa tukimpima mwandishi. Yeye alikuwa akimpima mwalimu wa mwandishi, ambaye ni yeye.

Ili tusibaki hewani, nikawaomba wote wazungumzie kitu kimoja wanachokijua: magugu maji. Yalionekana ziwani upande wa Kenya karibu na mwaka 1990, na kufikia mwishoni mwa muongo ule yalikuwa yameziba ghuba yetu ya Winam hivi kwamba mashua zilishindwa kutoka. Kisha yakapungua ghafla. Kwa nini?

RIPOTA: Fukusi. Wadudu wadogo kutoka Amerika Kusini, ambako ndiko asili ya gugu lenyewe, wakafugwa na kuachiliwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanatafuna majani, mabuu yao yanatoboa shina, gugu linaingia maji na kuzama. Stori hiyo nimeiandika.

MTANDAO: Stori hiyo ni nusu. Niliwahi kupata oda ya insha kuhusu kudhibiti magugu kwa wadudu. Mwaka 2005 kundi moja la wanasayansi liliandika kwamba sifa wanazopewa fukusi zimezidi. Walisema mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mawingu yaliyopunguza mwanga, na gugu lisilopata jua halistawi. Mwaka 2007 kundi lingine likajibu kwa ukali katika jarida lilelile kwamba fukusi ndio waliofanya kazi, na hali ya hewa iliwasaidia tu. Nilisoma pande zote mbili usiku mmoja. Mteja alitaka maneno elfu mbili, nikampa.

MHARIRI: Wewe uliamini upande gani?

MTANDAO: Wa fukusi, zaidi. Kwa sababu gugu lilipungua pia mahali pengine walipoachiliwa, ambako El Niño haikufanya kama hapa. Lakini mvua za mwishoni mwa 2006 zilipoleta rutuba nyingi ziwani, gugu lilirudi Winam. Kwa hiyo fukusi peke yao hawatoshi wakati mito inaleta mbolea na maji taka kila siku.

Kusema kweli, sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo katika mikutano mingi ya mjini, na yule aliyeyatoa ana digrii ya biashara. Nilimwangalia Ripota, naye alikuwa akiandika.

MAMA: Umesema vizuri, mwanangu. Sasa mimi nikuulize. Magugu yalipoziba, tulikula nini?

MTANDAO: Mumi na kamongo. Waliongezeka chini ya magugu, kwa sababu wanavumilia maji yenye oksijeni kidogo. Kamongo hupumua hata hewa ya juu. Kuna makala iliyoonyesha hivyo kwa takwimu za ghuba hii.

Mama akasimamisha mikono. Nadhani alikuwa amemtegea, na mtego haukunasa.

MAMA: Takwimu hizo walizipata wapi?

MTANDAO: Kwenye fuo. Kuna karani anayepima samaki wanaotua.

MAMA: Ndiyo. Anasimama pale na mizani. Samaki ni wa mvuvi, tukishawanunua ni wetu. Sisi ndio tulimwambia karani huyu ni mumi wa kwenye magugu, huyu ni wa kule nje. Kwa hiyo karani alijifunza kwangu, mtafiti kwa karani, wewe kwa mtafiti, na mtoto wa mzungu akapata alama.

MTANDAO: Huyo hakujifunza, Mama. Huyo alilipa tu.

Ningependa kuamini kwamba hapo ubishi uliisha, lakini Mhariri hakuacha. Alitaka kujua kama kazi hiyo ya Mtandao bado ipo, baada ya mashine kuanza kuandika.

MTANDAO: Ipo, imebadilika. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 oda zilianza kupungua, na zinazokuja si za kuandika. Mteja anatuma maandishi ya akili unde, anataka niyanyooshe yasomeke kama ya mtu. Pesa ni kidogo, na nikiwa mkweli, sijifunzi tena. Zamani nilikuwa natafuta jibu. Sasa jibu limekuja, mimi natafuta mahali lilipodanganya. Na nitajuaje limedanganya katika jambo ambalo sijalisoma?

RIPOTA: Kwa hiyo umekubali. Ulichokuwa unapenda si pesa.

MTANDAO: Pesa nilipenda pia, dada, usinipakazie.

MHARIRI: Mimi nasema hivi. Ulisoma magugu kuliko maofisa wengi. Ulisoma kisukari. Hakuna hata ukurasa mmoja wenye jina lako unaosomwa hapa. Andika hapa.

RIPOTA: Nani atamlipa? Wewe mwenyewe ulikuwa mhariri, unajua bajeti ya waandishi wa nje. Kumwambia mtu aandike kwa heshima ya mji ni rahisi ukiwa na pensheni.

MHARIRI: Pensheni yangu haizidi stori zako tatu.

MAMA: Acheni kupigana. Mwanangu, unajua vile vizimba vya kufugia ngege? Mwishoni mwa 2022 samaki walikufa humo wengi sana. Wengine walisema sumu. Kwenye mkutano wa BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo, tulibishana mpaka giza.

MTANDAO: Watu wa utafiti wa uvuvi walisema ni oksijeni. Maji ya chini, mahali matope na uchafu vinapooza, hayana oksijeni. Upepo ukiyakoroga yanapanda juu. Samaki wa ziwani anahisi, anakimbia. Wa kwenye kizimba hana pa kukimbilia. Tena ghuba yetu ina kina kifupi na maji yake hayabadiliki haraka, na vizimba vikijazana mahali pamoja, chakula kinachodondoka na kinyesi vinaongeza uozo.

MAMA: Sisi tuliona maji yamebadilika rangi na harufu kabla. Wavuvi walisema samaki wa nje wamehama. Hatukuwa na mtu wa kuliweka kwa karatasi. Wenye vizimba wana karatasi, wana wataalamu wao. Kukija kikao cha kaunti wanasoma yao, sisi tunapiga kelele.

RIPOTA: Nikiandika stori, mhariri wangu ataikata ibaki aya nne.

MAMA: Sitaki stori. Nataka barua. Iseme vizimba viwekwe mbali na njia ya mashua na mahali maji ni marefu, na iseme kwa nini, hivyo ulivyosema. Na yale tuliyoyaona sisi yaingie, pamoja na siku.

MTANDAO: Kwa Kiingereza?

MAMA: Ya kaunti kwa Kiingereza. Ya BMU kwa Dholuo, wasikie wenyewe kabla sijaweka kidole.

MTANDAO: Dholuo sijawahi kuandika, Mama, tangu darasa la tatu. Oksijeni nitaiitaje?

MAMA: Utakuja hapa tuulizane.

RIPOTA: Mwambie bei kabla hajaondoka. Nyinyi wa mtandao mnalipwa kwa ukurasa.

MTANDAO: Kurasa mbili za Kiingereza, mbili za Dholuo, na kurekebisha mara moja bure.

MAMA: Gorogoro mbili za omena. Kavu, ya leo.

MTANDAO: Tatu. Kuna utafiti.

MAMA: Utafiti ni wangu.

RIPOTA: Chukua mbili, ndugu yangu. Zinazidi wanachonilipa.

MHARIRI: Na rasimu niione mimi Ijumaa, kabla haijaenda popote.